Ini la Panya na Ini la Mgonjwa

Msikilizaji, popote ulipo jioni hii, Dirma, Basotu, Balangdalalu au Katesh huku Hanang, au upande wa Mbulu hadi Haydom, swali la leo linagusa nyumba nyingi.

Limeletwa na kijana wa Dirma. Yuko mwezi wa pili wa vidonge vya kifua kikuu. Bibi yake amemnunulia unga wa mlonge mnadani, na rafiki yake amesoma kwenye simu kwamba wanasayansi wamethibitisha mlonge unalinda ini lisiharibiwe na dawa za kifua kikuu. Anauliza: nichanganye na uji ninywe, au niache?

Kijana, rafiki yako hajakudanganya. Utafiti huo upo. Mwaka 2002 watafiti wawili wa India, Pari na Kumar, walichapisha matokeo ya majaribio ya panya waliopewa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, yaani dawa zile zile zilizomo kwenye kidonge chako, pamoja na dondoo ya majani ya mlonge. Panya waliopata mlonge maini yao yalionekana kuumia kidogo kuliko ya wenzao. Baada ya hapo zimekuja tafiti nyingi za namna hiyo, za mimea ya kila aina, kutoka Asia na kutoka vyuo vyetu vya Afrika. Leo nataka tuingie pamoja ndani ya maabara hiyo, tuone kinachofanyika, kisha tujiulize kinamhusu vipi mtu anayeishi Dirma.

Tuanze na ini lenyewe. Karibu kila dawa unayomeza huenda tumboni, ikapita kwenye utumbo, ikaingia kwenye damu, na damu hiyo yote huelekea kwanza kwenye ini. Ini ndilo linaloibadilisha dawa ili mwili uweze kuitumia na kuitoa. Kazi hiyo ina hatari yake: wakati wa kuibadilisha dawa, mara nyingine yanatokea mabaki yenye ukali kuliko dawa yenyewe. Isoniazidi inapovunjwa huacha mabaki ya aina hiyo. Pirazinamidi nayo ni nzito kwa ini. Rifampisini huliamsha ini lifanye kazi kwa kasi zaidi, na kasi hiyo wakati mwingine huongeza mabaki ya mwenzake. Wagonjwa walio wengi wanamaliza miezi yao sita salama kabisa, na hilo nalisema kwa sauti ili mtu asiogope dawa. Lakini wapo wachache ambao ini linashindwa, na hao ndio tunaowazungumzia.

Sasa maabara. Panya wa maabara si yule wa ghalani. Ni mweupe, macho mekundu, amezaliwa kwenye ukoo mmoja na wenzake, umri mmoja, uzito unaokaribiana, anakula chakula cha vipande kilichopimwa. Wanagawanywa kwenye vizimba. Kizimba cha kwanza wanapewa maji matupu. Cha pili wanapewa dawa za kifua kikuu kwa kiwango kikubwa, kwa kutumia sindano butu iliyopinda inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, ili kila mmoja apate dozi yake kamili bila kutema. Cha tatu wanapewa dawa zile zile pamoja na dondoo ya mmea. Mara nyingi kinakuwepo cha nne, ambacho wanapewa dawa pamoja na silimarini, kitu kinachotolewa kwenye mbegu za mmea mmoja wa miiba wa Ulaya, ili mmea mpya ulinganishwe na kitu kinachojulikana tayari.

Majuma yakiisha, damu inachukuliwa. Wanapima vimeng'enya viwili ambavyo kwa kawaida hukaa ndani ya seli za ini. Seli zikipasuka, vimeng'enya hivyo humwagika kwenye damu, na kadiri vinavyoonekana vingi ndivyo ini lilivyoumia. Ndicho kipimo kile kile daktari anachomwandikia mgonjwa anaposema tupime ini. Kisha ini lenyewe linatolewa, linaoshwa kwa maji ya chumvi, linapimwa uzito, linahifadhiwa, linagandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Vipande vinatiwa rangi ya waridi na zambarau, vinawekwa chini ya hadubini. Ini zima linaonyesha seli zimejipanga mistari ikitoka kwenye mshipa wa katikati kwenda pembeni, safi, kila seli na kiini chake. Ini lililoumia mistari imevurugika, seli zimevimba, nyingine zimejaa matone ya mafuta, nyingine zimekufa na nafasi yake imevamiwa na chembe nyeupe za damu. Mtafiti anaangalia kipande cha kizimba cha pili, anaangalia cha tatu, anaandika tofauti.

Hii ni kazi ya heshima, na inataka mikono makini na subira. Simdharau hata kidogo mwanafunzi anayekesha Moshi, Dar es Salaam au Nairobi akihesabu seli. Ila kuna mambo ambayo makala ya kwenye simu hayamwambii kijana wa Dirma.

La kwanza ni muda. Katika majaribio mengi, panya anaanza kupewa mmea kabla ya dawa, au siku ile ile anayoanza dawa, na anaendelea kupewa kila siku bila kukosa. Ulinzi unatangulia au unakwenda sambamba na sumu. Mgonjwa wetu je? Anakuja zahanati siku ambayo chakula kimeshamshinda, anatapika, macho yameshaingia manjano. Kumlinda panya ambaye bado hajaumia ni jambo moja. Kumwokoa mtu ambaye ini lake limeshachoka ni jambo lingine kabisa, na mtafiti aliyefaulu la kwanza hajajibu la pili.

La pili ni zito zaidi, na sijui kwa nini halisemwi mara kwa mara. Panya wale hawakuwa na kifua kikuu. Walipewa dawa ya ugonjwa ambao hawana. Kwa hiyo jaribio linaweza kutuambia kama ini lilipona, lakini haliwezi kutuambia kama dawa iliendelea kuwaua vijidudu. Tuseme mmea umelinda ini kwa sababu umezuia dawa isiingie vizuri kwenye damu. Vimeng'enya vitashuka, picha ya hadubini itapendeza, na makala yatachapishwa. Kwa mgonjwa, huo ungekuwa msiba: ini zima, na vijidudu hai mapafuni, vinavyojifunza kuizoea dawa.

Watu waliowahi kulishughulikia jambo hili kwa uangalifu wapo, na kazi yao inafundisha. Watoto wenye saratani wanaotibiwa kwa sisplatini hupoteza uwezo wa kusikia, kwa sababu dawa hiyo huua seli ndogo za ndani ya sikio ambazo zikifa hazioti tena. Ilijulikana kwamba thiosulfeti ya sodiamu inaweza kuizima sisplatini. Wasiwasi ulikuwa huo huo: itaizima sikioni tu, au itaizima na kwenye uvimbe? Wakaamua kusubiri. Mtoto anapewa sisplatini, dawa inafanya kazi yake kwenye saratani, na saa 6 baadaye ndipo anapewa thiosulfeti. Matokeo ya jaribio la kimataifa kwa watoto wenye saratani ya ini yalichapishwa mwaka 2018. Miongoni mwa waliopata sisplatini peke yake, asilimia 63 walipoteza usikivu kwa kiwango fulani. Kwa waliopata kinga ilikuwa asilimia 33, na matibabu ya saratani hayakuonekana kudhoofika. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa kazi hiyo. Zile saa 6 ndizo zilizobeba hekima yote ya utafiti ule.

Sasa, kijana wangu, nikuambie jambo ambalo pengine hukulijua. Kwenye matibabu ya kifua kikuu kinga moja iliyothibitishwa ipo tayari. Kama pamoja na vidonge vyako vikubwa umepewa kidonge kidogo cha vitamini B6, hicho ndicho. Isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952, na muda si mrefu wagonjwa wakaanza kulalamika ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo na vidole. Mwaka 1954, Biehl na Vilter huko Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wanaotumia isoniazidi wanapoteza B6 nyingi kwenye mkojo, na mishipa ya fahamu inaikosa. Wakairudisha kwa kidonge. Ganzi ikazuilika. Haikuhitaji muujiza, ilihitaji mtu apime mkojo na aelewe kinachopotea. Leo kidonge hicho kinatolewa bila malipo, na wapo wanaokirudisha nyumbani na kukiacha kwenye kopo kwa kuwa wanadhani si dawa yenyewe. Tafadhali, kimeze.

Kinga nyingine ni ya ini hasa, nayo inahusu kidonge ambacho kila nyumba inacho, parasetamoli. Mwaka 1973 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kwa panya wadogo jinsi parasetamoli inavyoua ini. Kwenye dozi ya kawaida, kiasi kidogo tu hugeuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kitu kinachoitwa glutathioni kinachoikamata sumu hiyo mara moja. Dozi ikizidi, akiba inaisha. Sumu ikikosa wa kuikamata inazigeukia seli zenyewe. Kwa kuelewa hilo wakajua cha kufanya: mpe mgonjwa kitu ambacho mwili unaweza kukitumia kutengeneza glutathioni mpya. Kitu hicho ni N-asetilisisteini, dawa iliyokuwa ikitumika kulainisha makohozi. Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh waliitia kwenye mshipa wa wagonjwa waliomeza parasetamoli nyingi, na mwaka 1979 wakaonyesha kwamba inaokoa maini. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu ameze, inakaribia kumkinga kabisa. Baada ya hapo nguvu yake inapungua saa hadi saa.

Saa 8, msikilizaji. Hebu fikiria mtu wa kitongoji cha ndani huko Dirma wakati wa masika, barabara ya udongo mweusi imeloa, pikipiki zinakwama. Ndiyo maana kwetu kinga ya kwanza ya parasetamoli iko kwenye kuhesabu. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na aliyekonda sana au mnywaji wa pombe anahitaji pungufu ya hapo. Ukinunua dawa ya mafua kwenye duka la dawa muhimu, mwulize muuzaji kama ndani yake kuna parasetamoli. Mara nyingi imo. Mtu anameza hiyo, anameza na parasetamoli pembeni kwa ajili ya kichwa, na usiku anaongeza kwa ajili ya homa. Amezidisha dozi bila kukusudia.

Hiyo N-asetilisisteini imefika na kwetu kwa njia ya utafiti. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, wakishirikiana na wenzao wa nje, waliijaribu kwa wagonjwa wa kifua kikuu wakiwa juu ya vidonge vyao vya kawaida, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Walikuwa wanaangalia zaidi mapafu, kwa sababu kuna mtu anapona kifua kikuu huku pumzi yake haimrudii. Nautaja utafiti huo kwa sababu mbili. Kwanza, ni watu halisi, Watanzania, wenye ugonjwa halisi, na makohozi yao yaliendelea kupimwa kuhakikisha vijidudu vinakufa. Pili, walilinganishwa na wagonjwa ambao hawakupewa dawa hiyo. Huu ndio utafiti ambao mlonge unauhitaji.

Sasa kuna jambo ambalo historia yetu ya Afrika Mashariki inalionyesha waziwazi. Mara nyingi kilichookoa viungo vya watu hakikuwa kuongeza kitu juu ya dawa kali. Kilichowaokoa ni kuiondoa dawa kali yenyewe.

Wazee watakumbuka vidonge vya thiasetazoni. Kwa miongo mingi vilikuwa sehemu ya matibabu ya kifua kikuu Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa vilikuwa rahisi. Ukimwi ulipoingia, watu wakaanza kuchubuka ngozi mwili mzima, mdomo na macho vikiwa vidonda, na wengine wakafa. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Nairobi walichapisha hesabu: miongoni mwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi, mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi, na kwa wasio na virusi ilikuwa mmoja hivi kati ya mia. Hapakuwa na haja ya kutafuta mmea wa kulinda ngozi. Shirika la Afya Duniani likaelekeza dawa hiyo isipewe wenye virusi, na nchi zikahamia kwenye dawa nyingine.

Halafu sindano. Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Mgonjwa alichomwa kanamaisini kwa miezi mingi, na matibabu yote yalikaribia miaka miwili. Watu walipona, na baadhi yao walirudi kijijini hawasikii. Dawa za jamii hiyo huingia kwenye seli za sikio na kuziua, na pia huumiza figo. Figo lina uwezo wa kujirekebisha, sikio halina. Maabara ilikuwa imetafuta kinga kwa miaka mingi. Kwa dawa ndugu ya kanamaisini, jentamaisini, aspirini ilifanya kazi kwa wanyama, na mwaka 2006 jaribio la China kwa binadamu lilionyesha kwamba waliopata aspirini, asilimia 3 ndio walioumia sikio, dhidi ya asilimia 13 ya wasioipata. Ni matokeo mazuri. Hata hivyo kilichomaliza tatizo la wagonjwa wa kifua kikuu sugu ni kupatikana kwa vidonge kama bedakwilini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliondoa kanamaisini kwenye orodha ya dawa zinazopendekezwa, na leo mgonjwa wa kifua kikuu sugu nchini hutibiwa kwa vidonge.

Nasema haya kwa sababu fedha za utafiti ni chache, na ningependa zielekezwe mahali panapolipa. Tafiti za panya na mimea ni rahisi kufanya na rahisi kuchapisha. Nyingi zinaishia kwenye panya. Mmea unatajwa kuwa unafaa, kisha hakuna anayeupeleka hatua inayofuata, na miaka kumi baadaye mtu anausoma kwenye simu kama vile ulishathibitishwa.

Nirudi nyumbani sasa, maana Hanang na Mbulu zina mambo yao mahususi ambayo maabara ya mbali haiwezi kuyajua.

Huku kwetu kuna Wairaqw, kuna Wadatoga, kuna Wanyaturu na Wanyiramba, na Wahadzabe hawako mbali. Ni nadra duniani kukuta watu wa asili tofauti kiasi hicho wakiishi karibu namna hii. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani, wakaonyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kuvurugika una chanzo chake hapa kwenye damu zetu, tofauti na kile cha Wazungu. Kama jambo la maziwa linatofautiana hivyo, basi hata jinsi ini linavyoivunja dawa inaweza kutofautiana pia. Kuna watu wanaoivunja isoniazidi taratibu kwa kuzaliwa, na kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo watu wa aina hiyo walipunguziwa dozi kulingana na urithi wao. Hakuna aliyeumia ini, wakati wenzao waliopewa dozi ya kawaida wengi waliumia. Muhimbili nako, mwaka 2012, Sabina Mugusi na wenzake walichapisha uchunguzi wa maini ya wagonjwa wa Dar es Salaam wanaotumia dawa za Ukimwi, wengine wakiwa na kifua kikuu, wakaangalia na urithi wa kila mmoja. Kazi kama hiyo ifanyike kwa watu wa Hanang. Ini la Mdatoga lisikisiwe kutoka kwenye ini la mtu wa Kariakoo.

Jambo la pili la kwetu ni maziwa na tezi. Sayoki Mfinanga wa NIMR na wenzake walifanya kazi ndefu katika mkoa wa Arusha wa zamani, kabla Manyara haijawa mkoa, kuhusu wafugaji na kifua kikuu. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wagonjwa waliovimba tezi, na miongoni mwa vijidudu vilivyooteshwa maabara kulikuwa na kile cha kifua kikuu cha ng'ombe, kinachoweza kumwingia mtu kwa maziwa mabichi. Sasa sikiliza kwa makini. Kijidudu hicho cha ng'ombe kwa asili yake hakisikii pirazinamidi. Ilhali pirazinamidi ni miongoni mwa dawa zinazolitesa ini zaidi katika kile kidonge. Ina maana mgonjwa aliyeupata ugonjwa kwa maziwa anaweza kuwa analibebesha ini lake mzigo wa dawa ambayo kwake haifanyi kazi. Na kile kipimo cha mashine tunachokitegemea hospitali nyingi hakitofautishi kifua kikuu cha ng'ombe na cha binadamu.

Naomba mtu asichukue maneno haya akaenda kuchambua vidonge vyake mwenyewe. Vidonge hivyo vimeunganishwa kwa sababu, na wagonjwa walio wengi wana kijidudu cha binadamu. Ninachosema ni kwamba kuotesha makohozi na usaha wa tezi katika maabara yenye uwezo ni njia ya kulinda ini, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Na mama anayeyachemsha maziwa mpaka yapande kabla ya kumpa mtoto, analinda ini la mtoto huyo lisije likakutana na dawa hizo kabisa. Najua wazee wangu wa Kidatoga mnayapenda maziwa ya kibuyu yalivyo. Yachemsheni kwanza, yapoe, ndipo muyatie kwenye kibuyu.

Wapo watakaosema utafiti mkubwa wa namna hii hauwezekani vijijini. Unawezekana, na umeshafanyika jirani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa kitovu cha jaribio la watoto 1,188 lililochapishwa mwaka 2021. Watoto walipewa dawa za viuavijasumu na vitamini ya jamii ya B, au vidonge visivyo na dawa, kuona kama watakua vizuri zaidi. Hawakukua zaidi ya wenzao. Matokeo yakachapishwa hivyo hivyo. Kwangu hilo ni jambo la fahari kwa Mbulu: akina mama walileta watoto wao mara kwa mara, wakapimwa urefu, na mwisho dunia ikapata jibu la kweli, hata kama lilikuwa hapana. Mlonge nao, na mizizi mingine inayouzwa minadani kwetu, inastahili jibu la namna hiyo, liwe ndiyo au hapana.

Mwaka 2011 tuliona kilichotokea Loliondo. Maelfu walikwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mzee Ambilikile Mwasapila, na kuna waliorudi wakaacha dawa zao za Ukimwi na za kifua kikuu. Sitaki kumlaumu mtu anayetafuta uzima. Ila pengo kati ya imani ya watu na kazi ya maabara tunalilipia kwa maisha, na pengo hilo linazibwa na wanasayansi kuja karibu, wakiwaheshimu wataalamu wa tiba asili na kuichukua mimea yao kwa uzito wa kuijaribu hadi mwisho.

Basi kijana wa Dirma, jibu langu ni hili. Mlonge kama mboga, ukiula na ugali kama watu wengine wanavyoula, sina sababu ya kukukataza. Lakini unga ule usiupime kwa vijiko kama dawa, na mizizi ya kuchemsha uiweke kando kabisa hadi umalize miezi yako sita. Pombe pia iache kwa muda huo wote. Nenda na kopo la bibi kliniki, mwonyeshe mhudumu, mwambie hiki ndicho ninachopewa nyumbani. Usikifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Na wewe mhudumu unayenisikiliza, usimkaripie, maana akikaripiwa leo, mara ya pili hatasema.

Mkojo wako kuwa wa rangi ya chungwa usikutishe, hiyo ni rifampisini na haina neno. Cha kutisha ni mkojo ulioiva kama chai ya rangi iliyokolea, macho kuwa ya manjano, kichefuchefu kisichoisha, chakula kukushinda, maumivu chini ya mbavu za kulia. Ukiona hayo, usisubiri siku ya kliniki. Usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa. Nenda siku hiyo hiyo, upimwe ini. Daktari anaweza kuzisimamisha dawa kwa muda, ini likatulia, kisha akazirudisha moja moja akitazama ni ipi inayokuumiza. Ini likiwahiwa, mara nyingi hupona.

Na mhudumu, mgonjwa huyo akifika, mjazie fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa nchini, ya kuripoti madhara ya dawa, hata kama una shaka. Ripoti kutoka zahanati za Hanang zikiwa chache, hakuna mtafiti atakayejua kwamba Dirma kuna mtu ameumia.

Kwenu watafiti wa Muhimbili, wa NIMR, wa Moshi na wa Haydom: panya wametufikisha mahali pazuri, tunawashukuru. Sasa njooni na swali la mgonjwa aliyekwisha kuumia, mkiwa na kipimo cha ini kinachoweza kufanyika zahanati, na mpime na makohozi. Watu wa huku watashiriki, mradi mtarudi kuwaambia mlichokiona.